Kofia ya Jino

Umenambia mara mbili, Daktari Bijoy: "Limekaa."
Ukanionesha picha, skrubu imesimama ndani ya taya yangu
kama msumari wa mlango wa Wete.
Ukaligonga kwa kijiti cha chuma, likalia ting.
"Mama, hili litakuzika."
Nikacheka. Nimelipa riali mia nne na ishirini,
na mtu akishalipa kiasi hicho, hucheka.

Halikukaa.

Mimi si daktari, nashona kofia.
Al Khuwair, ghorofa ya pili juu ya duka la mapazia,
waume wa mtaa mzima wanaijua ngazi yangu.
Kichwa sikipimi kwa macho. Nazungusha uzi juu ya masikio,
natia fundo, naandika jina.
Ukizidi unywele mmoja, kofia inapanda kama mkate uliofura;
ukipungua, hadi magharibi mtu ana mstari kwenye paji.
Na akirudi akasema, "Bi Zuwena, inanibana,"
simwambii nilikupima.
Kichwa ni chake.

Nyuzi za shuwa za Iddi pili
ziliingia kwenye ufa wa jino hili, zikalala humo
mpaka wageni wakarudi Ibra.
Nikifunga mdomo, lenyewe linafika mwanzo,
magego mengine yanangoja nje
kama watu wa arusi waliokuta mlango umekomewa.
Binti yangu Rayya anasema ni mazoea.
Wifi yangu Thuwaiba anasema shukuru, wengine wana fizi tupu.
Nimeshukuru.
Nimeshukuru asubuhi, nikashukuru usiku kwa maji ya chumvi,
na ulimi bado unakwenda pale pale
kama mtoto aliyekatazwa.

Mara ya tatu nilikuja na maneno yangu tayari.
Lakini Kiarabu changu ni cha ukubwani, chako ni cha mkataba,
na mimi nilikuwa nalitaka neno moja tu: kupwaya.
Kiatu hupwaya. Pete hupwaya. Kofia.
Nililitafuta kwenye kiti chako, mdomo wazi, taa machoni,
nikalikosa.

Basi nikafungua mkoba.
Uzi mweupe, namba arubaini.
Nikaupitisha baina ya jino lako na jirani yake:
ukatumbukia, bila hata kugusa ukuta.
Nikauvuta chini, penye fizi, ukanasa.
Ukatoka umechanika, una manyoya.
Nikakupa.

Ukavua miwani.
Ukauweka uzi chini ya taa, ukauzungusha,
ukasema kitu kwa lugha ya kwenu, peke yako, taratibu,
na hicho ndicho cha kwanza nilichokufahamu
tangu Rajabu.

Ukafungua. Mizunguko sita, niliihesabu mfupani.
Jino likaja mkononi mwako, dogo, jeupe, tupu ndani,
likakaa kwenye sinia mdomo juu,
kofia kabisa, ya mtu asiye na kichwa.
Wiki mbili, ukasema. Fundi yuko Ghala.
Hajawahi kuniona huyo fundi.
Nikamuonea huruma: kumshonea mtu usiyemjua
kwa kipimo alichokichukua mwengine.

Nyumbani AC inanguruma. Ulimi umo shimoni, haubanduki.
Chini ya kikapu, nyuma ya vibweta vya nyuzi,
iko kofia ya Mundhir bin Hamdun,
vitobo vya miezi mitatu, maua ya rangi ya mchanga.
Ameirudisha mara mbili.
Kijana mpole, anaishika kwa vidole viwili, anaona haya.
"Bi Zuwena, kidogo tu, inapwaya."

Mara mbili nimemwambia: imekaa.

Nimewasha taa ya mezani.
Nimetafuta fundo la mwisho kwa ncha ya sindano,
na meno yaliyobaki,
nikaanza kufumua.